Dira ilitutoa mita 400 nje ya lengo msituni Kazimzumbwi: kosa liko wapi?

#1 Mwalimu wa Mbagala

Salaam wakuu. Tangu Jumamosi nina jambo linaloninyima usingizi, nami naomba wenye uzoefu wa ramani na dira wanieleze wazi bila kunionea haya.

Nalea vijana 14 wa skauti wa shule ya sekondari. Wengi wao hawajawahi kufika mahali pageni bila kuelekezwa na simu, kwa hiyo mwezi huu wa Agosti niliamua kuwafundisha kutembea porini kwa ramani na dira tu. Simu zote zilizimwa zikatiwa kwenye begi dogo ambalo nililivaa kifuani ili lisipotee. Ramani ni ile ya serikali ya kipimio cha 1:50,000, nakala ya zamani niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu, na dira ni ya kibao cha plastiki, zawadi ya ndugu yangu aliyeko Ujerumani.

Tuliingia msitu wa Kazimzumbwi kwa upande wa Kisarawe saa tatu asubuhi, tukiwa na mwenyeji wa uhifadhi. Lengo lilikuwa makutano ya vijito viwili, sentimita 4.8 kwenye ramani, yaani kilomita 2.4 kwa mstari ulionyooka, kwa beringi (pembe ya uelekeo kutoka kaskazini) ya digrii 118. Baada ya saa mbili kasoro robo tulitokea kwenye shamba la mihogo lililopaliliwa vizuri, na mama mwenye shamba akasimama na jembe lake mkononi akitutazama mmoja mmoja tunavyotoka vichakani. Hapakuwa na kijito wala makutano. Nikawasha simu, nikasoma namba za gridi (ile miraba iliyochorwa juu ya ramani), nikazihamishia kwenye ramani, nikaona kwamba tulikuwa karibu mita 400 kusini mwa lengo. Nyumbani nimeipima beringi upya mara sita na kila mara inatoka 118. Vijana wananiuliza tulikosea wapi, nami sina jibu la kuwapa.

#2 Mtembezi wa Temeke

Pole Mwalimu. Jibu ni fupi: umesahau mchepuko wa sumaku. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi bali kaskazini ya sumaku, na pembe iliyo kati ya hizo mbili ni lazima ijumlishwe au itolewe kabla hujanyanyua mguu. Sisi tulifundishwa hivyo siku ya kwanza kabisa.

#3 Bando Halijaisha

Kwa heshima zote Mwalimu, sioni sababu ya kuwatesa watoto wa watu wakati kila mtu ana GPS mfukoni. Udhaifu pekee wa GPS ni kwamba inahitaji mtandao, na siku hizi minara ya simu imejaa hadi Kisarawe.

#4 Mpimaji Mstaafu

Nianze na mchangiaji wa #3, kwa sababu kosa lake ni la wengi. GPS haihitaji mtandao wala bando. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, nazo hutuma ishara ambayo simu yako inaisikiliza tu bila kujibu chochote. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayopakuliwa nyuma ya ile nukta ya buluu; ukiipakua kabla ya safari, utaonekana ulipo hata mahali pasipo na mnara mmoja. Hatari za kweli ni betri kuisha, simu kuanguka kwenye maji, na majani mazito ya msitu yanayozuia au kurudisharudisha ishara.

Sasa kwa ndugu yangu wa #2. Mchepuko upo, lakini tuuangalie unakompeleka mtu. Hapa Dar na Kisarawe ni digrii mbili au tatu hivi kuelekea magharibi. Mtu aliyesahau kuurekebisha, akaiweka dira kwenye 118 kama alivyoipima kwenye ramani, atatembea kwa uelekeo halisi wa 115 au 116, yaani atasogea kushoto mwa mstari. Mwalimu ametokea kulia. Tena kila digrii moja ya kosa humtoa mtu mita 17 hivi kwa kila kilomita, hivyo digrii tatu kwa kilomita 2.4 ni mita 125 tu. Wala asije mtu akasingizia tofauti ya kaskazini ya gridi na kaskazini halisi, kwa sababu meridiani ya 39, yaani mstari wa longitudo, ambayo gridi yetu imejengwa juu yake inapita jirani kabisa na Kisarawe, na hapo kaskazini hizo mbili zinakaribia kuwa moja.

#5 Mwalimu wa Mbagala

Shukrani mzee wangu, na shikamoo. Mchepuko sikuusahau. Nilijumlisha digrii 3 na dira nikaiweka kwenye 121.

#6 Mtembezi wa Temeke

Nakubali kwamba niliharakisha. Kumbe somo la siku ya kwanza lina sehemu ya pili ambayo sikuisikiliza vizuri.

#7 Fundi Simu Kariakoo

Mbona wote mmelipita begi? Mwalimu amesema alivaa kifuani begi lenye simu za watu kumi na watano, na dira mtu huishika mbele ya kifua hichohicho. Kuzima simu hakuondoi sumaku. Kila simu ina spika, na ndani ya spika kuna sumaku ndogo ambayo haizimiki, na kava nyingi za kufunika kama daftari zina sumaku ya kushikiza mlango wake.

Baada ya kusoma uzi huu mchana nimejaribu juu ya meza yangu ya kazi. Niliweka dira ndogo katikati na kuisogezea simu moja iliyozimwa. Kwa umbali wa mkono mzima sindano ilitulia. Nilipofikisha simu kwenye upana wa viganja viwili ilianza kutikisika, na kwa upana wa kidole ilikuwa imeacha kaskazini kabisa ikaifuata spika. Kisha nikachukua kava lenye sumaku, na hilo liliizungusha nusu duara. Mtu akiihifadhi dira karibu na kava kama hilo kwa muda, sindano yenyewe inaweza kugeuzwa sumaku yake, ncha nyekundu ikaanza kuonyesha kusini, na mwenye dira asijue. Simu kumi na tano ndani ya begi moja si jambo dogo, Mwalimu.

#8 Mwalimu wa Mbagala

Fundi, umenigusa mahali penyewe, kwa sababu kweli nilikuwa naishika dira chini kidogo tu ya begi. Ila ni lazima niseme ukweli wote: tulipofika nusu ya njia nilimkabidhi dira kijana mmoja atangulie, naye alikuwa mbele yangu hatua ishirini hivi bila simu yoyote. Kama begi ndilo lenye kosa, lilitupoteza kwa nusu ya safari tu.

#9 Mhandisi wa Mbezi

Mimi nasimama kwenye maneno "zawadi ya ndugu yangu aliyeko Ujerumani".

Nguvu ya sumaku ya dunia haielekei kaskazini kwa ulalo tu, bali pia huinama. Ulaya huzama kuelekea ardhini, kwa hiyo ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini, na watengenezaji huweka uzito mdogo kwenye ncha ya kusini ili sindano ikae sawa. Ikweta ya sumaku haipiti mahali ilipo ikweta ya kawaida. Kwa upande huu wa Afrika iko juu, huko Ethiopia. Sisi wa Dar tumo kusini mwake kwa umbali wa kutosha, na kwetu ncha inayovutwa chini ni ya kusini. Sasa fikiria dira ya Ulaya iliyoletwa hapa: ncha ya kusini imevutwa chini na dunia, na juu yake imebebeshwa uzito wa kiwandani. Sindano inainama mpaka inagusa sakafu ya kikombe chake, inakwaruza, na inatulia popote msuguano ulipoikamata.

Ndiyo maana dira huuzwa kwa kanda, na zipo zilizotengenezwa kwa dunia nzima. Mwalimu, iweke dira mezani, iache itulie, kisha itazame kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa kibao. Ukiona ncha moja imelala na nyingine imenyanyuka, umeshapata sehemu ya jibu.

#10 Mwalimu wa Mbagala

Nimeitazama sasa hivi kwa tochi. Ncha ya kusini imelala chini. Haijagusa kabisa, lakini nikiinamisha kibao kidogo tu kuelekea kwangu, kama mtu anavyofanya akitembea, inagusa na kukwama.

#11 Nahodha wa Kunduchi

Jamani, naomba kuingia japo mimi ni mtu wa bahari. Dira kwetu ni neno la zamani, na ndani ya chombo tunajua kwamba haikai karibu na mashine, nanga wala betri, kwa hiyo Fundi amesema kweli. Lakini sisi dira hatuipi amri peke yake. Ukitaka kurudi mahali pa samaki unachagua alama mbili nchi kavu, mnazi ulio ufukweni na mnara ulio nyuma yake, unavipanga vikae mstari mmoja. Ukisogea kulia au kushoto vinaachana machoni pako papo hapo. Je, Mwalimu alikuwa anachagua miti miwili mbele yake, au alikuwa anatazama sindano muda wote?

Jingine ambalo watoto wa Dar wanapaswa kulijua ni kibla. Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, kwa hiyo mihrabu ya msikiti wowote wa mji huu inakuonyesha kaskazini bila sindano. Usiku usio na msikiti tunaitazama nyota ya kaskazini.

#12 Mkazi wa Magomeni

Kuhusu kibla mzee wangu umenena, na tofauti haizidi digrii moja na kidogo kuelekea mashariki. Lakini kuhusu nyota, naomba kusahihisha kwa adabu. Dar iko digrii 6.8 kusini mwa ikweta, na ile nyota iliyokaa juu ya ncha ya kaskazini haionekani hapa, iko chini ya upeo wa macho. Kinachotufaa ni Msalaba wa Kusini: unachukua mhimili wake mrefu, unaurefusha mara nne na nusu, na hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga. Ubaya wake ni kwamba ncha hiyo iko digrii saba tu juu ya upeo, hivyo msituni huioni, bali unaikisia tu.

#13 Nahodha wa Kunduchi

Umesema kweli. Nyota hiyo niliizoea nikiwa kwenye majahazi ya kwenda Lamu na kupanda zaidi, na huko juu ndiko ilikokuwa inatokea.

#14 Mpimaji Mstaafu

Nimekuwa nikiufikiria uzi huu tangu jana, na sasa nadhani tunatafuta kosa la mita 400 ambalo huenda halikuwahi kuwapo kwa ukubwa huo.

Mwalimu, ulisema ulisoma namba za gridi kwenye simu na kuzihamishia kwenye ramani ya zamani. Tazama maandishi madogo pembezoni mwa ramani hiyo. Utakuta imeandikwa Arc 1960. Huo ndio msingi wa vipimo uliotumika kuchorea ramani zetu. Simu yako, usipoibadilisha, inatumia msingi mwingine uitwao WGS84, ambao una umbo tofauti kidogo la dunia na kitovu tofauti. Mahali palepale, mti uleule, hupata namba mbili zisizolingana. Kwa eneo letu, ukichukua namba za simu na kuziweka kwenye gridi ya Arc 1960 bila kuzibadilisha, nukta yako inaangukia takriban mita 300 kusini mwa mahali ulipo, na karibu mita 100 mashariki mwake.

Sasa rudisha nukta yako: mita 300 kaskazini, mita 100 magharibi. Unabaki na kosa la kama mita 140, kusini-magharibi mwa lengo. Kwa kilomita 2.4 za msituni, ukiwa na vijana kumi na wanne na dira inayokwaruza, hilo ni kosa la digrii tatu na kidogo. Nimewahi kufanya kazi na watu wazima waliolipwa mshahara kwa kazi hii, na siku nyingine walifanya vibaya zaidi.

#15 Bando Halijaisha

Kwa hiyo dira ilikuwa karibu na ukweli, na GPS ndiyo iliyodanganya? Nimesoma mara mbili kuhakikisha.

#16 Mtembezi wa Temeke

Umeelewa vizuri ndugu yangu, ila GPS haikudanganya. Iliulizwa kwa lugha moja, jibu likaandikwa kwenye daftari la lugha nyingine. Karibu upande wetu.

#17 Mwalimu wa Mbagala

Nimeikunjua ramani na kweli imeandikwa Arc 1960, kwa herufi ambazo sikuwahi kuzisoma. Nimefarijika sana mzee wangu. Lakini kuna kitu hakikai sawa. Kama tulikuwa mita 140 tu kutoka kwenye makutano ya vijito, na mwenyeji wetu alizunguka pembezoni mwa shamba kwa dakika kumi na tano, kwa nini hatukuona hata bonde? Tena ramani inaonyesha msitu pale lilipo shamba.

#18 Mama wa Pugu

Nimekulia huku, kwa hiyo hilo nitalijibu mimi. Ramani ya miaka ile iliuona msitu ambao leo haupo wote. Mkaa na mashamba vimeula kwa pembezoni, kwa hiyo rangi ya kijani kwenye karatasi usiiamini hata siku moja. Amini milima na mabonde, maana hayo hayakatwi kwa shoka. Vijito vingi vya huku ni vya masika. Angalia kama mstari wa buluu umekatwakatwa: maana yake ni maji ya msimu. Mwezi wa Agosti unaweza kuvuka kijito kama hicho ukadhani ni mfereji uliojaa majani makavu. Inawezekana mliyavuka makutano yenyewe mkiongea.

#19 Mpanda Milima Kinondoni

Napenda alichosema Mama kuhusu mabonde, kwa sababu ndicho kilichoniokoa mimi Uluguru. Tulikuwa watatu juu ya Bondwa, ukungu ukashuka ghafla kiasi kwamba minara iliyopo kileleni, tuliyokuwa tumeiegemea muda mfupi uliopita, hatukuiona tena. Simu ya mwenzangu ilikuwa na GPS nzuri, lakini baridi na mvua viliimaliza betri, na yangu kioo kililowa kikawa hakipokei kidole. Ramani ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tunajua kwamba mji wa Morogoro uko kaskazini ya mlima, na mwenzangu alitaka tuweke dira kaskazini tushuke moja kwa moja. Nilimkatalia. Kontua (mistari ya ramani inayoonyesha urefu wa ardhi) za upande huo zilikuwa zimebanana hadi zimekuwa kama doa moja la kahawia, na kontua zilizobanana ni genge.

Tulifuata mgongo wa mlima badala ya sindano. Kila dakika kumi nilikuwa nauliza swali moja tu: je, ardhi inaanguka pande zote mbili, kulia na kushoto? Ikianguka upande mmoja tu, tumeshatoka mgongoni, turudi. Dira ilitusaidia kuthibitisha kwamba mgongo tunaoushuka ni huu wa kaskazini na si ule mwingine. Tulifika kwenye nyumba za watu saa moja usiku, mikono imekufa ganzi, na ramani ikiwa imechanika pale tulipokuwa tunaikunja.

Kwa hiyo nadhani kosa la Mwalimu ni la mpango na halihusu sindano. Makutano ya vijito ni nukta ndogo mno kuilenga. Angelilenga makusudi upande mmoja wa kijito, tuseme digrii tano kushoto, akikifikia angejua bila shaka kwamba makutano yako kulia, akafuata bonde hadi hapo.

#20 Mkazi wa Magomeni

Ni shauri zuri, ila linategemea mtu akitambue kijito akikifikia, na Mama wa Pugu ametuambia kwamba kinaweza kupitwa.

Nami naongeza jua, kwa kuwa hakuna aliyelitaja. Vitabu vingi hufundisha kupata kaskazini kwa saa ya mkononi, lakini njia hiyo ni ya nchi za mbali na ikweta. Hapa Dar jua hukaa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya hapo, Aprili hadi Septemba, jua la mchana liko kaskazini yetu, na Novemba hadi Februari liko kusini. Mtu akikariri kanuni moja ya mwaka mzima atapotea. Bora kijiti: kichomeke wima, weka alama kwenye ncha ya kivuli, subiri robo saa, weka alama ya pili. Alama ya kwanza ni magharibi, ya pili ni mashariki. Ni vijana kumi na wanne, Mwalimu. Mmoja angeweza kuchomeka kijiti kila mlipopumzika, na sindano iliyokwama ingejulikana mapema.

#21 Daktari wa Ilala

Kuna jambo la mwili wa binadamu hapa. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyopo Tübingen, Ujerumani, wakiongozwa na Jan Souman, walichapisha matokeo ya kuwatembeza watu kwenye msitu mkubwa na kwenye jangwa la Sahara huko Tunisia, wakiambiwa waende mbele moja kwa moja. Jua lilipoonekana walinyoosha. Mawingu yalipolificha, waliokuwa msituni walizunguka na kukata njia zao wenyewe bila kujua. Waliofungwa macho walizunguka duara dogo sana, wengine la mita 20 hivi. Wengi wetu tumeambiwa kwamba sababu ni mguu mmoja kuwa na nguvu kuliko mwingine, lakini hilo halikuthibitika, kwa sababu mtu yuleyule alipinda mara kulia, mara kushoto.

#22 Mpimaji Mstaafu

Daktari, nalipokea hilo, lakini Mwalimu hakuzunguka duara. Alipinda upande mmoja. Kwa watu wa kazi yangu kupinda kwa namna hiyo kuna chanzo kinachojulikana, nacho ni vichaka. Ukikutana na kichaka cha miiba huwezi kupita katikati, unakizunguka. Ukivizunguka vyote kwa upande uleule bila kurudi kwenye mstari wako, kila kimoja kinakuongezea hatua tano au kumi. Vivyo hivyo kwenye mteremko unaokatiza njia, kwani miguu hupenda kushuka bila kukuuliza. Mwalimu, unakumbuka mlivizunguka upande gani, na mteremko ulikuwa wapi?

#23 Fundi Simu Kariakoo

Kabla hajajibu, naomba lisisahaulike begi. Hata kama lilifanya kazi kwa nusu ya njia, digrii sita kwa kilomita 1.2 ni mita 125, na kosa lenyewe mmeshalipunguza hadi kufikia hapohapo.

#24 Mhandisi wa Mbezi

Na sindano inayokwaruza ilikuwa njia nzima, mikononi mwa Mwalimu na mikononi mwa kijana.

#25 Mwalimu wa Mbagala

Nimewapigia simu vijana wawili waliotangulia, na nimeandika majibu yao kama walivyonipa. Mteremko ulikuwa kulia kwa sehemu ya kwanza, kisha tukashuka na kupanda, na baada ya hapo ulikuwa kushoto. Kuhusu vichaka, mmoja anasema tulivizunguka kulia karibu vyote, kwa sababu upande wa kushoto kulikuwa na upupu. Mwingine anasema upupu ulikuwa kulia, na ananionyesha mkono wake wa kulia uliovimba.

Jumamosi ijayo narudi na ramani ileile. Simu zitabaki na mwenyeji wetu, na kijiti atakibeba msichana mmoja ambaye ameniomba kazi hiyo mwenyewe. Mhandisi, kama unajua duka hapa mjini lenye dira iliyosawazishwa kwa kanda yetu, naomba unielekeze kabla ya Ijumaa.

#26 Mama wa Pugu

Mkifika shambani kwa yule mama, muulizeni kijito kinapita wapi wakati wa masika. Amelima pale miaka yote, na atawaonyesha kwa kidole.